Sauti na Mwenye Sauti: Paul Robeson, Jukwaa na Kiswahili, 1924–1959

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi ya jukwaani ya Paul Robeson (1898–1976), mwigizaji na mwimbaji Mmarekani Mweusi, kwa kuongozwa na swali moja: ni nani anayemiliki sauti ya mwigizaji? Yanaonesha kwamba masomo yake ya lugha za Kiafrika jijini London, Kiswahili kikiwemo, hayakuwa jambo la pembeni, bali yalibadili namna alivyousoma uhusika wake na masharti aliyoyadai kabla ya kupanda jukwaani. Aidha, yanadai kwamba serikali ya nchi yake, ilipomnyang'anya pasipoti mwaka 1950, ilikuwa imelielewa suala hilo vizuri kuliko wengi wa wahakiki wake.

Darasa la Kiswahili

Katika mwaka wa masomo wa 1933/34, miongoni mwa wanafunzi wa Chuo cha Taaluma za Mashariki cha Chuo Kikuu cha London alikuwamo mwanamume mmoja Mweusi wa miaka 35, mrefu, mpana wa mabega, ambaye sauti yake ilikwisha kujulikana kote mjini humo. Alikuja kusoma fonetiki na lugha za Kiafrika, na mojawapo ya lugha hizo ilikuwa Kiswahili. Chuo hicho kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1917 kwa madhumuni yasiyofichwa: kuwafunza lugha maofisa wa serikali, wamisionari na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea katika himaya ya Kiingereza. Hata neno Afrika halikuwamo katika jina lake hadi mwaka 1938. Kwa wengi waliokaa katika madarasa yale, Kiswahili kilikuwa kifaa cha kazi, yaani lugha ya kutolea amri, ya kusikilizia mashauri na ya kuhubiria. Paul Robeson hakuwa na amri ya kumpa yeyote.

Alichokitafuta alikieleza mwenyewe katika makala fupi iliyochapishwa na jarida la Spectator mwezi Juni 1934. Humo alisema kwamba Mwamerika Mweusi amefundishwa kuiga utamaduni wa wengine na kuuonea haya wa kwake, na kwamba dawa ya haya hiyo imo Afrika. Akakitaja Kiswahili kwa jina. Alistaajabishwa na unyumbufu wake, akadai kwamba kina uwezo wa kutosha wa kubeba hata mafundisho ya Konfusio. Mfano huo unaweza kumchekesha msomaji wa leo. Lakini tukumbuke wakati wenyewe. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa mwaka 1930 tu ili kukisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na mijadala yake ilihusu zaidi tahajia na vitabu vya shule za msingi. Kudai wakati huo kwamba lugha hii inafaa kwa falsafa kulikuwa ni kudai jambo ambalo watawala wa lugha hiyo hawakuwa wamelipanga. Ushahidi wa jukwaani ulikuja kutolewa na wengine na kwa sababu zao wenyewe, pale tafsiri ya Julius Nyerere ya Julius Caesar ilipotoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Wasifu wa Robeson mara nyingi huupita mwaka huo wa masomo kwa sentensi mbili, kana kwamba ulikuwa likizo ya mtu maarufu. Makala haya yanaushika mwaka huo kuwa kiungo. Kabla yake, Robeson aliamini kwamba mwigizaji Mweusi akiigiza vizuri vya kutosha, ubora wake utawashinda wenye chuki. Baada yake alianza kuuliza ni nani aliyemwandikia maneno, ni nani anayeikata filamu, na ni nani aliyeketi wapi ukumbini.

Mtoto wa mhubiri

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma na kuwa mchungaji. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alifariki kwa majeraha ya moto mwaka 1904, Paul akiwa na miaka mitano. Mhubiri huyo mjane alimlea mwanawe wa mwisho kwa mazoezi ya usemi: kutamka, kusimama, kupumua, kurudia hotuba mpaka kila silabi ipate haki yake. Ni vyema kulitilia maanani jambo hili. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo sheria ilimkataza mtumwa kujua kusoma aliufanya utamkaji kuwa urithi wa kwanza wa mtoto wake.

Mwaka 1915 Paul alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi wa tatu Mweusi katika historia ya chuo hicho. Akawa nyota wa kandanda ya Kimarekani, na mwaka 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya wahitimu. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia na kuhitimu mwaka 1923. Kazi ya uwakili ilidumu muda mfupi tu. Katika ofisi aliyoajiriwa, mpiga chapa mmoja Mzungu alikataa kuandika maneno yaliyosemwa na mtu Mweusi, naye Robeson akachukua kofia yake akaondoka. Kisa hiki husimuliwa kama sadfa iliyompeleka jukwaani. Kinaweza pia kusomwa kama utangulizi wa mambo yote yaliyofuata, kwa kuwa mgogoro wake ulikuwa huohuo: maneno yalikuwa yake, bali kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Mwezi Mei 1924 kikundi cha Provincetown Players cha New York kilimpa nafasi kuu katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill, The Emperor Jones na All God's Chillun Got Wings. Ya pili inamhusu kijana Mweusi anayejaribu kuwa wakili na kushindwa, aliyemwoa mwanamke Mzungu ambaye akili yake inaharibika kwa mgongano wa mapenzi na chuki ya rangi. (Mhitimu wa sheria aliyekwisha kuutupa uwakili alikuwa akimwigiza mtu anayeufia.) Habari kwamba mke angeubusu mkono wa mumewe jukwaani zilienea magazetini kabla hata ya mazoezi kumalizika. Vitisho vikaja, vikiwemo vya Ku Klux Klan. Ofisi ya meya ilikataa kutoa kibali cha watoto kuigiza onyesho la kwanza, ambamo watoto Weusi na Wazungu hucheza pamoja. Usiku wa ufunguzi mwongozaji alisimama akaisomea hadhira sehemu hiyo, kisha mchezo ukaendelea. Ghasia zilizotabiriwa hazikutokea.

Tamthilia ya O'Neill haikuwaridhisha Wamarekani Weusi wengi, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Wahusika wake Weusi huanza na hadhi na kuishia magotini. Robeson wa miaka ya 1920 alimtetea O'Neill hadharani. Alikuwa kijana, alikuwa amepewa nafasi ambazo hakuna mwingine aliyekuwa akizitoa, na hakuwa bado na lugha ya kuueleza wasiwasi wake.

Hereni za Aldridge

Aprili 1925 Robeson na mpiga piano Lawrence Brown walitoa tamasha la nyimbo za kiroho na za kazi za watu Weusi pekee katika ukumbi wa Greenwich Village. Nyimbo hizo zilizoimbwa na watumwa mashambani ziliwekwa jukwaani bila kuchanganywa na nyimbo za Ulaya ili zipate heshima ya kuazima. Mwaka huohuo alicheza The Emperor Jones jijini London, na mwaka 1928 akarejea huko kwa Show Boat katika ukumbi wa Drury Lane. Familia yake ikahamia Uingereza. Waingereza walimpokea vizuri, ingawa mwaka 1929 hoteli moja kubwa ya London ilimkatalia kuhudumiwa kwa ajili ya rangi yake.

Tarehe 19 Mei 1930 alipanda jukwaa la Savoy akiwa Othello, Peggy Ashcroft akiwa Desdemona. Hakuwa Mweusi wa kwanza kuigiza uhusika huo London. Ira Aldridge, aliyezaliwa New York mwaka 1807 na kuikimbia nchi isiyompa jukwaa, alimwigiza Othello katika ukumbi wa Covent Garden mwezi Aprili 1833, muda mfupi baada ya Edmund Kean kuzidiwa na ugonjwa jukwaani akiwa katika uhusika uleule. Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili wakati huo kukomesha utumwa katika makoloni. Baadhi ya magazeti ya London yalimshambulia Aldridge kwa lugha ya soko la watumwa, na maonyesho yake yakakoma baada ya usiku mara mbili. Alikwenda mikoani, kisha Ulaya bara, akapewa nishani na wafalme, akafia Łódź mwaka 1867 akiwa ziarani. Binti yake, Amanda Aldridge, alikuwa mwalimu wa sauti London, na Robeson akawa mwanafunzi wake. Alimkabidhi hereni alizovaa baba yake akiwa Othello.

Urithi huo haukuweza kumwondolea hofu. Robeson alisimulia baadaye kwamba katika majuma ya kwanza alikuwa akirudi nyuma kila Desdemona alipomkaribia, mithili ya kibarua wa shambani aliyeingizwa sebuleni kwa bwana. Mtu aliyekuwa amezoea kulitawala jukwaa lolote alitawaliwa na kitu kilichokuwa nje yake. Wahakiki walisifu sauti na kulalamikia mwili, wakisema aliinama mno, alikosa ukuu. Hawakujiuliza mgongo huo ulijifunzia wapi kuinama. Swali la busu liliulizwa na waandishi wa habari wa pande zote mbili za Atlantiki, na huko New York hakuna mtayarishaji aliyethubutu kuleta mchezo huo. Ilichukua miaka 13.

Hivyo basi, Robeson alipoingia darasani mwaka 1933/34 alikuwa na tatizo la kisanii mikononi mwake. Othello ni Mwafrika anayesema lugha ya wengine kwa ufasaha kuliko wao, na anayedhani kwamba ufasaha huo umemfanya mwenyeji. Kumwigiza kama mtu mwenye wivu tu ni kumpunguza. Ili awe na kimo, sharti atoke mahali fulani, awe na nyumbani kwake kwenye lugha na adabu zake, mahali ambapo heshima ya mtu ikivunjwa haiungiki. Mahali hapo Robeson hakuwa amepajua. Katika maandishi yake ya 1934 anaeleza kwamba lugha za Kiafrika zilimpa hisia ya kurudi nyumbani, kwamba alisikia ndani yake mapigo na viimbo vya usemi wa watu wa baba yake. Mwanaisimu atakuwa na mashaka na ulinganisho huo, na pengine zaidi na ule wa lugha za toni za Afrika na Kichina ambao Robeson aliupenda maisha yake yote. Kisayansi, mengi ya hayo yalikuwa makisio tu. Jukwaani, yalikuwa chakula.

Filamu ya Sanders

Kilichofuata ndicho kilichomfundisha zaidi. Ndugu Alexander na Zoltan Korda walikuwa wakitengeneza filamu ya Sanders of the River kutokana na hadithi za Edgar Wallace kuhusu ofisa wa Kiingereza anayetawala mto mmoja wa Afrika Magharibi. Zoltan alikuwa amerudi kutoka Afrika na mikanda ya ngoma, nyimbo na ibada halisi. Robeson alipoiona alivutwa. Aliona nafasi ya kuonesha ulimwengu kile alichokuwa akikisoma. Akakubali kumwigiza Bosambo, mfungwa aliyetoroka akafanywa mtemi kwa hisani ya ofisa.

Kijiji cha Kiafrika kilijengwa Shepperton, karibu na London, na Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza wakaajiriwa kukijaza. Miongoni mwao alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyeonekana kama mmoja wa watemi. Kenyatta wa wakati huo alikuwa akisaidia utafiti wa fonetiki ya Kikikuyu katika Chuo Kikuu cha University College, London. Tukio hili linastahili kutafakariwa: wanaume wawili ambao siku nyingine walikuwa wakishughulika na vokali na toni za lugha za Kiafrika vyuoni walivishwa ngozi katika kijiji cha mbao kando ya Mto Thames, ili kutukuza utawala wa mtu mmoja Mweupe juu ya mamilioni.

Filamu ilipotoka mwezi Aprili 1935 ilifunguliwa kwa maandishi ya kuwasifu maofisa wa kikoloni, na Bosambo akawa mtumishi mwaminifu mwenye sauti nzuri. Robeson aliikana. Alisema mwelekeo wa kibeberu ulitiwa mwishoni, sehemu zake zilipokwisha kupigwa. Maelezo hayo yanakubalika kwa sehemu tu. Hadithi za Wallace hazikuwa siri, na msomaji yeyote wa sura moja angejua zinaelekea wapi. Ni sahihi zaidi kusema kwamba Robeson alikuwa ameamini kuwa nyimbo na lugha, zikiwa za kweli, zingeishinda hadithi. Chumba cha uhariri kilimwonesha kwamba sauti ya kweli ikiwekwa ndani ya uongo huupamba tu uongo huo. Kiswahili kimoja kinaweza kusomwa darasani na mkuu wa wilaya na kikasomwa na mtoto wa mtumwa. Anayepanga kiti cha nani kiwe wapi ndiye anayeamua kitatumika kwa lipi.

Miaka minne iliyobaki ya kukaa kwake Uingereza inaonesha mtu aliyeanza kubadili masharti. Mei 1935 aliigiza katika Stevedore, tamthilia kuhusu vibarua Weusi wa bandarini na mshikamano wao na wenzao Wazungu. Machi 1936, Italia ikiwa imekwisha kuivamia Ethiopia, alimwigiza Toussaint Louverture katika tamthilia ya C.L.R. James, Mtrinidad aliyekuwa London, katika ukumbi wa Westminster. Yalikuwa maonyesho mawili tu. Hata hivyo, mhusika Mweusi alikuwa ameandikwa na mwandishi Mweusi, akiongoza mapinduzi ya watumwa yaliyoshinda, na hakuishia magotini kwa sababu ya tabia yake bali kwa hila ya dola. James alikichapisha kitabu chake kuhusu mapinduzi hayo miaka miwili baadaye. Mwaka huohuo wa 1936 mkewe Robeson, Eslanda, aliyekuwa akisomea anthropolojia, alisafiri na mwanao hadi Afrika Kusini na Uganda. Robeson mwenyewe hakwenda. Simulizi ya safari hiyo, African Journey, ilitoka mwaka 1945, nayo inastahili makala yake.

Juni 1937, katika mkutano wa kuwasaidia watoto wakimbizi wa Hispania kwenye ukumbi wa Albert Hall, Robeson alitangaza kwamba msanii hana budi kuchagua upande, uhuru au utumwa, na kwamba yeye amekwisha kuchagua. Mwaka 1938 aliacha nafasi za kumbi kubwa akaigiza Plant in the Sun bila malipo katika Unity Theatre, ukumbi mdogo wa wafanyakazi. Majina ya waigizaji hayakutangazwa kwa ukubwa tofauti.

Othello ya pili

Alirudi Marekani mwaka 1939. Margaret Webster alipotaka kumwongoza katika Othello, watayarishaji walikwepa mpaka majaribio ya Agosti 1942 huko Cambridge, Massachusetts, yalipoonesha kwamba hadhira ya Kimarekani ingekaa kitini na kushangilia. Mchezo ulifunguliwa Broadway tarehe 19 Oktoba 1943, Uta Hagen akiwa Desdemona na José Ferrer akiwa Iago, ukaoneshwa mara 296. Hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyowahi kudumu hivyo huko. Mwaka 1944 Akademia ya Sanaa na Fasihi ya Marekani ilimpa nishani ya dhahabu kwa usemi bora jukwaani. Mwana wa mtumwa, aliyefunzwa kutamka na baba mhubiri, akawa mfano wa Kiingereza kizuri.

Othello wa 1943 hakuwa yule wa 1930. Katika makala aliyoiandika mwaka 1945, Robeson anamfafanua kama mtu wa utamaduni mmoja aliyewekwa katikati ya mwingine, aliye na heshima kwa sababu ya kazi yake lakini asiye na ndugu. Chanzo cha kuanguka kwake kwa Robeson si wivu bali heshima iliyovunjwa. Dunia anayoiamini inaporomoka, naye anaua kama anayetekeleza hukumu. Ni vigumu kuusoma ufafanuzi huo bila kulisikia darasa la London. Mgongo haukuinama tena.

Lakini lililo muhimu zaidi kwa historia ni lile lililokubaliwa nje ya maandishi ya tamthilia. Katika ziara ya 1944–45 kundi hilo lilipita Marekani na Kanada, na Robeson alikataa katakata kuigiza katika ukumbi wowote uliowatenga watazamaji kwa rangi. Mapema mwaka 1942, katika tamasha huko Kansas City, alikuwa amesitisha uimbaji alipoona Weusi wamewekwa kando, akaiambia hadhira kwamba ataendelea kwa kupinga tu. Sasa jambo hilo likawa sharti. Tafsiri ya Othello ikaanzia mlangoni, kwenye tiketi. Mwenye kumwona mkuu wa jeshi Mweusi akitukanwa na Venisi hakupaswa kuwa ameketi kwenye kiti ambacho jirani yake Mweusi amekatazwa.

Kuanzia hapo mstari kati ya jukwaa na barabara ulififia. Septemba 1946 aliongoza ujumbe kwa Rais Truman kudai sheria dhidi ya mauaji ya Weusi yanayofanywa na magenge. Mazungumzo yalikwisha kwa hasira. Januari 1947 alisimama na waandamanaji mbele ya ukumbi mmoja wa St. Louis uliobagua watazamaji, akatangaza kuacha maonyesho kwa muda ili apambane na ubaguzi. Wakati wote huo alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Masuala ya Afrika, chombo kilichowaeleza Wamarekani habari za njaa ya Afrika Kusini na harakati za makoloni.

Pasipoti

Agosti na Septemba 1949 tamasha lake karibu na Peekskill, jimbo la New York, lilishambuliwa. La kwanza halikufanyika. Baada ya la pili magari ya waliohudhuria yalipigwa mawe barabarani. Mwaka uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ilifuta pasipoti yake. Kumbi zikafungwa, rekodi zikaondolewa madukani. Katika kesi aliyofungua, hati ya serikali ya mwaka 1952 ilieleza kwamba kumnyima pasipoti kulihalalika kwa kuwa kwa miaka mingi alikuwa amejihusisha mno kisiasa na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Sentensi hiyo ya mawakili wa serikali ndiyo uhakiki makini kuliko wote ulioandikwa juu yake katika muongo ule. Walikuwa wameelewa kwamba uimbaji, Othello na Afrika vilikuwa jambo moja, na kwamba njia ya kuimiliki sauti ni kuamua ifike wapi.

Haingekuwa haki kumaliza hapa bila kutaja ukimya wake mwenyewe. Juni 1949, akiwa Moscow, Robeson aliomba kumwona mshairi Myahudi Itzik Feffer, aliyekuwa kizuizini. Kwa mujibu wa simulizi ya mwanawe, Feffer alimweleza kwa ishara kwamba chumba kinasikilizwa na kwamba wenzake wameuawa au wanasubiri. Robeson aliimba tamashani wimbo wa wapiganaji wa geto la Warsaw kwa Kiyidi, mbele ya hadhira ya Moscow, na watu walielewa. Alipofika nyumbani alikana kwamba kuna mateso. Feffer alipigwa risasi Agosti 1952. Mwishoni mwa mwaka huo Robeson alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Stalin na akaipokea. Watetezi wake husema hakutaka kuwapa silaha wale waliomnyang'anya pasipoti. Sababu hiyo inaeleza, haiondoi deni. Mtu aliyefahamu kuliko wengi jinsi sauti inavyoweza kukodishwa aliikodisha ya kwake mara hiyo.

Mei 1952, akizuiwa kuvuka kwenda Kanada, aliimba juu ya gari la mizigo mpakani, hadhira ikiwa pande mbili. Juni 1956 aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi. Alipoulizwa kwa nini hakubaki Urusi, alijibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, kwamba watu wake walikufa wakiijenga nchi hiyo, naye ataishi humo akiwa na fungu lake. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Robeson alicheza kwao, akaitwa kujieleza. Mei 1957 Waingereza waliojaa katika ukumbi wa St Pancras walimsikia kwa simu, kupitia kebo iliyotandazwa chini ya Atlantiki, na Oktoba wachimbaji wa makaa wa Wales wakamsikia vivyo hivyo. Mwili ulikuwa New York, sauti ilikuwa Porthcawl. Juni 1958 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya watu wengine, kwamba Wizara haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa imani zake.

Tarehe 7 Aprili 1959, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 61, alifungua msimu wa 100 wa ukumbi wa Stratford-upon-Avon akiwa Othello kwa mara ya tatu. Alikuwa ametoka kuugua. Tony Richardson aliuongoza mchezo kwa ngoma na kelele za kisasa, na baadhi ya wahakiki walisema Robeson alionekana kama aliyetoka katika tamthilia nyingine, akisema polepole mno, akilipa kila neno uzito wake. Amanda Aldridge alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Msimu ulipokwisha mwezi Novemba, Robeson alivua vazi la Othello na hakuigiza tena katika tamthilia yoyote.